Mbavu zilizovunjika: kisu au subira?

MSAFIRI atokaye Dar es Salaam afikapo Segera hukuta njia mbili mbele yake: moja yaenda Tanga, nyingine yapita Korogwe kwenda Moshi na Arusha. Malori na mabasi hukutana hapo usiku na mchana. Mnamo Februari 2023 basi dogo lililokuwa likisafirisha maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo liligongana na lori wilayani Korogwe, wakafa watu zaidi ya 15. Wafao tunawahesabu. Wale watolewao wakiwa hai, vifua vimepondwa, huwasahau mapema, nao ndio niwakusudiao leo.

Ubavu mmoja ukivunjika hupona wenyewe kwa majuma machache. Lakini mbavu tatu au zaidi zilizopakana zikivunjika kila moja mahali pawili, kipande cha ukuta wa kifua huwa kimetengana na vingine: mgonjwa avutapo pumzi kinadidimia ndani, atoapo kinachomoza nje. Chini yake pafu limechubuka. Maumivu humzuia kukohoa, makohozi yanajaa, homa ya mapafu inaingia. Kinachoua hapo si mfupa.

Zamani kifua kilifungwa kwa bandeji. Mtindo huo uliachwa kwa kuwa ulizidi kumbana mgonjwa pumzi, ingawa wapo wanaouamini hata leo. Sasa hoja ni kati ya tiba isiyo ya kisu, yaani dawa za maumivu, sindano ya ganzi, mpira wa kutoa damu na hewa kifuani, mazoezi ya kupumua na mashine ikibidi. Na upasuaji wa kuunga mbavu kwa vibao vya titani na skrubu.

Utafiti wa Japani wa mwaka 2002, wenye wagonjwa 37 tu, ulionyesha kuwa waliopasuliwa waliachana na mashine mapema. Ule wa Kanada na Marekani, uliochapishwa mwaka 2022 kwa wagonjwa 207, haukuona tofauti kubwa ya siku hizo kwa jumla. Nafuu ilikuwa kwa waliokwisha kuwekwa kwenye mashine. Hata hivyo, waliopasuliwa hakufa hata mmoja, na katika wasiopasuliwa walikufa sita.

Basi vinunuliwe vibao kwa kila mkoa? Sikubaliani. Asiyepasuliwa kule hakuachwa kitandani na vidonge viwili. Alipata tiba kamili. Swali letu la kwanza ni iwapo majeruhi wa Segera, afikishwapo hospitali ya Magunga, Korogwe, usiku wa manane, anakuta oksijeni, dawa kali ya maumivu, na mtu ajuaye kutia mpira wa kifua. Upasuaji una mahali pake katika hospitali kubwa za rufaa, kwa wale wasioweza kupumua bila mashine. Lakini Muhimbili na KCMC kila moja iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Segera, na hapana kibao cha titani kitakachomfaa mtu aliyekata roho njiani kwa kukosa mpira.

Madiwani wa Handeni na Korogwe wapitishapo bajeti, fungu hilo litangulie. Nawe mwalimu unayemuuguza ndugu yako aliyevunjika mbavu, daktari akiruhusu, mketishe, mpe mto aukumbatie, mhimize akohoe, na uidai dawa ya maumivu bila kuona haya.