Shaba Ni Yetu, Lakini Si ya Chunguni

Kuna mafundisho yanayotembea mitaani siku hizi, kutoka simu hata simu. Yanasema kwamba mtu akinywa maji yaliyolala usiku kucha katika kikombe cha shaba nyekundu, atapona tumbo, viungo, ngozi, na hata magonjwa ya damu. Wengine wanaongeza: tupeni sufuria zenu za alimini, pikeni katika shaba, kulieni shaba, nyweeni shaba. Tena kwa sisi watu wa Katanga wana neno la kututekenya: «Shaba ni mali ya babu zetu. Kwa nini wageni waifaidi, na sisi tuiogope?»

Neno hili ni tamu, na ndiyo sababu linahitaji jibu. Mimi nasema wazi: sufuria ya shaba isiyopakwa kitu ndani haifai kwa chakula cha nyumba zetu, na maziwa ya mtoto yasiingie humo hata kidogo.

Tuanze na hao babu, maana wanaitwa mashahidi bila kuulizwa. Ni kweli, walijua shaba kuliko sisi. Waliokota jiwe la kijani, malakiti, wakalitia katika tanuru ya udongo pamoja na makaa, wakavuta mivukuto mpaka shaba ikatiririka. Mwaka 1926 Mgr de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni ya Katanga, aliandika habari zao akiwaita «wala shaba». Je, waliila katika sahani? Hapana. Walikula faida yake. Waliifanya misalaba ya kufanyia biashara na kutoa mahari, bangili, na nyuzi za mapambo. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya zamani huko Sanga, karibu na ziwa Kisale. Walikuta misalaba ya shaba na mapambo juu ya mifupa ya wafu, na kandokando yao vyungu vingi sana, vyote vya udongo. Watu waliokuwa na shaba ya kumzikia ndugu yao, mboga na maji yao waliviweka katika udongo. Basi, kama ni kufuata babu, tuwafuate sawasawa.

Mwenye elimu kidogo atanijibu: «Lakini neno sufuria lenyewe latoka katika shaba!» Ndiyo, Waarabu huita shaba *sufr*, na sufuria za kwanza zilikuwa za shaba kweli. Ila hakumaliza habari. Katika nchi za Waarabu na za Wahindi, fundi wa kupaka bati ndani ya sufuria ni fundi anayejulikana tangu zamani. Bati jeupe likiisha kwa kusuguliwa, mama hurudisha sufuria kwake, naye hulipaka upya. Wapishi wakubwa wa Ufaransa nao hufanya vivyo hivyo. Wanapenda shaba kwa sababu moto waenea ndani yake upesi na sawasawa pande zote, lakini chakula chao chagusa bati, hakigusi shaba. Wanaotuhubiria shaba leo wamechukua sufuria wakaacha bati.

Kwa nini bati? Kwa sababu kitu kikali huila shaba. Tomate, limao, siki, ngaingai, munkoyo uliochachuka: weka kimojawapo katika shaba tupu, na shaba itaanza kuyeyuka kidogo kidogo na kuingia katika chakula. Huioni. Baadaye waona kutu ya kijani ukingoni, au wasikia ladha ya chuma mdomoni, kisha kichefuchefu, tumbo kukata, na kutapika. Kanuni za vyakula ambazo serikali ya Marekani inawapa wenye maoteli na maduka zinakataza shaba tupu isiguse siki, maji ya matunda, wala divai. Sasa hesabu, mama: katika juma moja, ni siku ngapi unapika mboga bila tomate?

Sisi Wakatoliki tusishangae, maana Kanisa lilijua jambo hili kabla ya maabara yoyote. Katika mkusanyo wa sheria alioutengeneza Gratianus karibu na mwaka 1140 mna sheria ya zamani zaidi juu ya kalisi. Kalisi iwe ya dhahabu au ya fedha. Kanisa likiwa maskini sana, basi iwe ya bati. Ya shaba isifanywe, kwa sababu divai huitoa kutu, na kutu hiyo hutapisha. Angalieni vema: maskini aliruhusiwa bati, hakuruhusiwa shaba. Haikuwa habari ya heshima tu, ilikuwa habari ya tumbo la padri. Hata leo, kalisi ya madini yenye kushika kutu yapasa kupakwa dhahabu ndani.

Lakini mkubwa akitapika, kesho ameamka. Ninaogopa zaidi kwa ajili ya watoto. Huko Tirol, nchi ya milima katika Austria, watoto wadogo 138 walikufa kwa ugonjwa wa ini kati ya mwaka 1900 na 1974. Waganga walitafuta sababu, na mwaka 1996 wakaieleza: maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa katika vyombo vya shaba visivyopakwa bati, pamoja na udhaifu fulani uliokuwa katika damu ya jamaa zile. Vyombo vilipobadilishwa, ugonjwa ukatoweka. Katika India, nchi ileile ambayo sifa za maji ya shaba zatoka, waganga wa Poona walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watoto wengi wenye ini gumu walikuwa wamenyweshwa tangu uchanga maziwa yaliyochemshwa au kuwekwa katika shaba. Mama zao hawakuwa wabaya. Walitumia chombo kizuri kuliko vyote nyumbani kwa ajili ya mtoto waliyempenda.

Sasa nitatenda haki, nisije nikaitwa mwongo. Shaba huua vijidudu, hilo ni kweli. Mwaka 2012 wataalamu wa India walitia vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara katika maji, wakayaacha saa 16 katika mtungi wa shaba, na vijidudu vile havikuonekana tena. Shaba iliyoingia katika maji yale ilikuwa kidogo, chini sana ya miligramu 2 kwa lita, ambayo ndiyo mpaka uliowekwa na Shirika la Afya la Dunia. Vizuri. Lakini ni saa 16, si kupitisha maji kikombeni asubuhi na kuyanywa. Tena yalikuwa maji tu, hayakuwa na limao, ambalo hao wahubiri wanatushauri kulikamulia humohumo! Na nani ana mitungi ya shaba ya kutosha watu wanane? Kipindupindu kinapoingia mtaani, mtoto huharisha asubuhi na jioni macho yamezama. Anayeacha kuchemsha maji au kutia klori, kwa kuwa amenunua kikombe chekundu, anacheza na roho za watu wa nyumba yake.

Wengine husema mwili unahitaji shaba. Unahitaji, ndiyo: mtu mzima karibu miligramu moja kwa siku, naye anaipata katika maharagwe, karanga na maini bila kulamba sufuria. Na sisi tunaokaa karibu na migodi tumeongezewa mengine tusiyoyaomba. Mwaka 2009 waganga wa Lubumbashi pamoja na wa Leuven walichapa uchunguzi wa mikojo ya watu wa Katanga, wakakuta kobalti nyingi mno kwa wanaokaa jirani na migodi na viwanda, hata kwa watoto, tena risasi, kadimiamu na urani. Vumbi limekwisha kutulisha madini. Kwa nini sufuria nayo itusaidie?

Neno moja juu ya mafundi wetu, maana siwapigi vita. Picha na sahani za shaba wanazozifua Lubumbashi ni kazi nzuri, na zinunuliwe zikatundikwe ukutani. Lakini sahani iliyopakwa vanishi ili ing'ae si ya kulia bukari. Na sufuria iliyofuliwa kwa mabaki ya nyaya na mabomba, nani ajua kilichoyeyushwa humo? Mabomba ya zamani huungwa kwa risasi, na risasi ni adui mkubwa wa akili ya mtoto.

Mwenye sufuria ya shaba tayari aitazame ndani. Ikiwa nyeupe pote, bati lipo: apike, asiichome juu ya moto bila kitu ndani, maana bati huyeyuka kwa nyuzi 232, wala asiisugue kwa mchanga. Ikionekana nyekundu mahali popote, aiweke kando mpaka apate fundi wa kuipaka tena. Bati si kitu kigeni kwetu, lilichimbwa Manono miaka mingi. Na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yapoe, yawekwe katika mtungi safi wenye kifuniko.