Matone ya Polio, Bima na Kadi ya Kliniki

Mwezi huu tumeona vema tujibu swali tunaloulizwa sana hapa Mwazye, siku za kliniki na hata baada ya ibada: je, chanjo yaweza kumlemaza mtoto? Kusema tu "huo ni uzushi" hakutoshi, maana mkoa wetu una habari yake wenyewe.

Mwezi Mei 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa mtoto mmoja wa Rukwa amepooza kwa polio. Virusi vyenyewe vilikuwa vya aina ya 2, vyenye asili ya chanjo. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Matone ya mdomoni yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtoto huvitoa kwa choo. Palipo na watoto wengi waliochanjwa, havifiki mbali. Bali wakiwapo wengi wasiochanjwa, na vyoo vikiwa vibovu, hupita toka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi mpaka vikarudishiwa nguvu. Kwa hiyo polio ya namna hii hustawi pale chanjo inapokosekana. Ndiyo sababu Septemba 2023 watoto wa chini ya miaka minane katika mikoa sita, wetu ukiwamo, walipewa matone mapya ambayo virusi vyake havigeuki kwa urahisi.

Basi mama atauliza: usalama wa chanjo hujulikanaje? Hujulikana kwa kuhesabu. Marekani, mwaka 1990, serikali ilianza kushirikiana na mashirika ya bima yenye hospitali zake. Kumbukumbu zao huonyesha nani alichanjwa siku gani na nani aliugua baadaye, na waliochanjwa hulinganishwa na wasiochanjwa. Hesabu za namna hii hazimwogopi mtu. Chanjo ya kuhara iitwayo RotaShield iliruhusiwa huko Agosti 1998. Taarifa zikaingia kwamba baadhi ya watoto utumbo wao ulijiingiza ndani ya utumbo, yapata mmoja kwa kila 10,000. Oktoba 1999 ikaondolewa sokoni. Chanjo ya rota wanayopewa watoto wetu ni nyingine.

Kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na wengine wanatumaini bima itatufanyia kazi hiyo. Sisi hatuoni hivyo, walau kwa sasa. Chanjo za watoto hutolewa bure, basi hakuna dai linalopelekwa bima. Bima itaona malaria na nimonia, haitaiona sindano. Na mama asiye na bima haonekani kabisa. Kinachobaki ni daftari la kliniki na kadi ya mtoto, na kadi hiyo (tuseme ukweli) mara nyingi imeloa mvua, au imebaki nyumbani wakati familia imeshuka kulima bonde la Rukwa.

Wako pia wanaosita kutoa jina na namba ya simu. Hofu yao si ya kipuuzi. Tangu 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nawe una haki ya kumwuliza mhudumu kwa nini anaandika na nani atasoma. Asiyependa kuulizwa ndiye mwenye kasoro.

Tunaomba, basi, kadi itiwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo, na isafiri na mtoto. Homa ndogo au uvimbe mahali pa sindano kwa siku moja au mbili ni kawaida, lakini tuambieni hata hivyo. Kwa jambo kubwa, mhudumu hujaza fomu inayofika hadi Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na mtoto akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, akitapika, au akitoa choo chenye damu siku chache baada ya matone ya rota, msingoje asubuhi wala dawa ya jirani: mleteni usiku huohuo, na kadi yake mkononi.