Shahidi wa mgogoro wa kazi: Alipwe muda wake, asilipwe kauli yake

SHERIA za kazi nchini zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2025, macho ya wengi yalielekezwa kwenye mikataba ya muda maalumu, likizo ya wazazi wa watoto njiti na fidia ya wanaoachishwa kazi. Lipo hata hivyo jambo jingine, dogo kwa sura, ambalo laweza kuipindua haki kabla shauri halijaanza kusikilizwa. Jambo hilo ni gharama za shahidi.

Chukua mfano wa mtunza ghala aliyefukuzwa kwa tuhuma za wizi. Anayejua ukweli wa siku ile ni mlinzi waliyekuwa naye zamu, ambaye naye ameshaacha kazi hapo na sasa anaishi kwa vibarua. Akiitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mlinzi huyo anapoteza ujira wa siku nzima. Shauri likiahirishwa, anapoteza siku ya pili.

Mashauri ya aina hii hufunguliwa mahali mgogoro ulikozuka. Kama mlinzi amehamia Mwanza na shauri liko Dar es Salaam, ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, mbali na chakula na mahali pa kulala.

Ni kweli kwamba sheria ina meno. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inampa msuluhishi au mwamuzi mamlaka ya kumwita mtu kuhojiwa, kumtaka alete nyaraka na kumwapisha. Lakini hati ya wito haina nauli ndani yake.

Mizani isiyo sawa

Katika shauri la kuachishwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Kwa maandishi, basi, mfanyakazi amelindwa.

Kwa vitendo, mashahidi wa mwajiri kwa kawaida ni watumishi wake. Meneja na ofisa utumishi wanapokuja kutoa ushahidi, mshahara wao unaendelea na gari la kampuni linawasubiri nje. Shahidi wa mfanyakazi ni mwenzake wa zamani, anayekuja kwa daladala na kurudi nyumbani mikono mitupu. Anayetakiwa kumfidia ni mtu ambaye hana kazi.

Kibaya zaidi, hata akikopa akamlipia shahidi wake nauli na kushinda shauri, hana matumaini makubwa ya kurudishiwa fedha hizo. Katika mashauri ya kazi, mwamuzi anaweza kuamuru upande mmoja ulipe gharama pale tu ulipoleta au kuendesha shauri kwa upuuzi au kwa nia ya kusumbua. Kanuni hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili mnyonge asiogope kudai haki, lakini kwa shahidi wa mnyonge inageuka kuwa adhabu.

Malipo yapi ni halali?

Wapo wanaodai kwamba shahidi akilipwa chochote amenunuliwa. Hoja hiyo haina msingi. Amri ya 16 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamtaka anayeomba shahidi aitwe aweke mahakamani fedha za kutosha kwa safari na gharama nyingine za shahidi huyo. Afrika Kusini, ambako sheria yetu ya kazi ilichota mengi, kifungu cha 142 cha Sheria ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1995 kinataka shahidi aliyeitwa kwa wito alipwe ada iliyopangwa, na tume yao inaweza kumsamehe mzigo huo aliyeomba wito kama ana sababu nzuri.

Mpaka kati ya fidia na rushwa unaonekana. Fidia ni nauli, chakula, malazi na kipato kilichopotea. Hailipwi zaidi shahidi akisema jambo fulani, wala haisubiri kuona nani ameshinda. Tena inaweza kutajwa wazi mbele ya mwamuzi bila mtu kuona haya.

Mwajiri anayemwahidi mfanyakazi wake wa zamani kitita cha fedha iwapo shauri litaisha vizuri ananunua kauli. Mfanyakazi anayemwahidi mwenzake sehemu ya fidia yake anafanya kosa lile lile. Mapatano kama hayo hayawezi kusimama mbele ya Sheria ya Mikataba, ambayo kifungu chake cha 23 kinabatilisha makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma, na yanaweza kuwafikisha wahusika kwenye mashitaka ya jinai.

Njia ya kutokea ipo. Viwango vya posho ya mashahidi vibandikwe wazi katika kila ofisi ya Tume, na pawepo na fungu dogo la kuwasaidia mashahidi wa wafanyakazi wasio na uwezo. Vyama vya wafanyakazi, vinavyokata ada kila mwezi, navyo vibebe sehemu ya mzigo huu.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki hiyo haitapatikana iwapo shahidi pekee aliyeona kilichotokea atabaki nyumbani kwa kukosa nauli.