Mboga ya Kifilipino ya dakika tano, na chumvi inayojificha ndani yake

Ni ugomvi unaojulikana katika nyumba nyingi. Wali umeisha, samaki ameisha, lakini mboga za majani zimesukumwa pembeni ya sahani. Mama anabembeleza, baba anatishia, bibi anasema watoto wa siku hizi wamedekezwa. Mtoto amefumba mdomo.

Lawama zote humwangukia mtoto, wakati mara nyingine kosa lilianzia jikoni. Mboga iliyochemshwa nusu saa, maji yake yakamwagwa, kisha ikaungwa upya kwa mafuta mengi, hupoteza rangi na utamu. Hupoteza pia sehemu kubwa ya vitamini C na foleti, kwa sababu virutubisho hivyo havivumilii moto wa muda mrefu na huyeyuka ndani ya maji yanayomwagwa. Kinachobaki kwenye sahani hata mtu mzima hukila kwa mazoea tu.

Nchini Ufilipino kuna mboga ya kila siku ambayo hukaa motoni kwa dakika tano hivi. Inaitwa adobong kangkong. Haihitaji nazi, karanga wala nyama, na ni chakula cha mtu wa kipato chochote. Mswahili aliyewahi kufanya kazi Muscat au Dubai huenda ameshaionja, maana huko Wafilipino ni wengi majumbani, hotelini na hospitalini, na wanaofanya kazi pamoja huishia kuonjeshana vyakula.

Kangkong ni nini?

Kangkong ni mmea unaotambaa, wenye majani marefu na mashina yenye uwazi ndani kama mrija. Hupenda maji: huota kwenye madimbwi, mifereji na kingo za mito, ingawa ipo aina nyingine inayopandwa kwa mbegu kwenye matuta ya kawaida. Hukua haraka, na ndiyo sababu sokoni bei yake huwa ndogo.

Mmea huu ni ndugu wa karibu wa kiazi kitamu. Ukiyajua matembele, basi umeshamjua jamaa yake. Wafilipino wenyewe hula pia majani machanga ya kiazi kitamu, wanayoyaita talbos ng kamote, na huyapika kwa njia hii hii. Kwa hiyo mzazi asiyeona kangkong sokoni kwake hana haja ya kuitafuta mbali. Achukue matembele machanga.

Jina adobo lina historia yake. Ni neno la Kihispania, lililoletwa na watawala waliofika visiwani humo karne ya 16. Lakini kupika kwa siki kulikuwako kabla yao, kwa kuwa siki huzuia chakula kuharibika upesi katika nchi ya joto. Sosi ya soya ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kichina. Wengi nje ya nchi hiyo huijua adobo ya kuku au ya nguruwe, lakini ya mboga hupikwa kwa viungo hivyo hivyo.

Mahitaji ya watu wanne

Andaa mafungu mawili makubwa ya kangkong au matembele, yakiwa kama nusu kilo. Tafuta punje sita za kitunguu saumu, kitunguu maji kimoja kidogo, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya, vijiko viwili vya siki, robo kikombe cha maji na pilipili manga kidogo. Chumvi usiweke. Sababu inakuja.

Kila kitu kiwe tayari kabla ya kuwasha moto. Mboga hii haimsubiri mpishi anayemenya kitunguu huku sufuria inafuka moshi.

Namna ya kupika

Osha mboga kwanza, ndipo uikate. Ukikata kabla ya kuosha, vitamini nyingine huondoka na maji. Suuza mara tatu au zaidi, mpaka usione mchanga chini ya beseni. Kata ncha ngumu za mashina uzitupe. Mashina laini yakate vipande vya urefu wa kidole, uyaweke peke yake, na majani uyaweke peke yake. Usiruke hatua hii, kwa sababu shina huchelewa kuiva kuliko jani. Ukiviweka pamoja, utapata shina bichi au jani lililorojeka.

Pasha mafuta kwenye kikaango au karai kwa moto wa wastani. Weka kitunguu saumu kilichopondwa na ukigeuze mpaka kianze kuwa na rangi ya dhahabu. Kikiwa cheusi kimeungua na kitatia mboga uchungu. Toa nusu yake uweke kwenye kisahani. Katika mafuta yaliyobaki weka kitunguu maji, ukigeuze kidogo mpaka kilainike.

Ongeza moto, weka mashina, geuza kwa dakika moja. Mimina sosi ya soya, siki na maji, kisha nyunyiza pilipili manga. Hapa Wafilipino wengi wana kanuni moja waliyorithi kwa mama na bibi zao: siki ikishaingia, mwiko usiguse sufuria mpaka ichemke. Wanasema ukikoroga mapema, siki hubaki na ukali wake. Acha ichemke kwa dakika moja.

Sasa weka majani yote. Yataonekana mengi kupita kiasi, lakini usiogope. Zaidi ya asilimia 90 ya jani la kangkong ni maji, hivyo mlima huo utanywea mara moja. Geuza kwa dakika moja tu, mpaka majani yote yalegee huku yakiwa bado ya kijani. Zima moto. Nyunyiza juu kile kitunguu saumu ulichotoa, na mboga iende mezani ikiwa ya moto.

Usifunike sufuria na usiweke magadi. Kwa jani laini kama hili magadi hayana kazi, na huharibu vitamini C. Rangi ikififia kidogo usishangae, kwa sababu ukali wa siki hubadilisha kijani cha jani lolote. Ndiyo maana majani huingia mwisho.

Chumvi ilipojificha

Mzazi anaweza kupika mboga hii bila kutia hata chembe ya chumvi na bado akawa amewalisha watoto wake chumvi nyingi. Sababu ni ile sosi nyeusi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote alivyokula siku hiyo. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina chumvi inayozidi gramu 2. Kijiko kimoja kwa watu wanne ni kama nusu gramu kwa kila mtu, kiasi ambacho familia inaweza kukimudu. Vijiko vitatu, kama wanavyomimina wapishi wengi kwa kukisia, hufanya zaidi ya gramu moja na nusu kwa kila mmoja, kutoka kwenye mboga peke yake. Ongeza wali uliotiwa chumvi, samaki mkavu pembeni na kile kipande cha kiungo cha supu, na mlo mmoja unaweza kumaliza kiwango cha siku nzima.

Ufilipino kwenyewe hilo ni tatizo. Mbali na sosi ya soya, mapishi mengi hutumia sosi ya samaki iitwayo patis, au bagoong, rojo la uduvi au samaki wadogo waliowekwa chumvi mpaka wakachacha. Vyote ni vitamu na vyote ni vya chumvi kali. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo la damu lisilodhibitiwa huleta kiharusi, maradhi ya moyo na ya figo. Lola, kama bibi anavyoitwa kule, mara nyingi hukaa meza moja na wajukuu, na wote huchota kwenye bakuli moja.

Dawa ni kupima kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Ladha ikipungua, ongeza kitunguu saumu, pilipili manga au kamua ndimu mezani. Wafilipino wana ndimu yao ndogo, kalamansi, inayokaa karibu na kila sahani. Uchachu huufanya ulimi usiitafute chumvi.

Sufuria moja, walaji watatu

Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kula vyakula vya nyongeza, usimchotee mboga iliyokwisha kutiwa sosi. Figo zake bado changa, na kabla ya kutimiza mwaka hahitaji kuongezewa chumvi. Mtangulize yeye: weka konzi ya majani matupu kwenye kikaango, mafuta kidogo na maji kidogo, yapike mpaka yalainike kabisa, yatoe, yaponde, uchanganye na chakula chake. Mashina asipewe, yana nyuzi na yanaweza kumkaba. Kisha endelea na mboga ya wengine kwenye kikaango kile kile.

Mafuta hayo kidogo yana kazi. Majani ya kijani yana kiini kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, inayohitajika kwa macho na kinga ya mtoto, na mwili hukifyonza vizuri kikiwa na mafuta. Yana madini ya chuma pia, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Ndimu mezani, au tunda kama chungwa au papai baada ya chakula, husaidia. Chai wakati wa kula huzuia, hivyo ni bora isubiri saa moja au mbili.

Kwa mtoto mkubwa anayekataa, fimbo haisaidii. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Mpe kijiko kimoja, mwache akiache, umpe tena siku nyingine bila kelele. Mkabidhi kazi ya kutenga majani na mashina, kwa sababu aliyeshiriki kupika huwa mwepesi wa kuonja.

Kwa bibi au babu mwenye presha, kijiko kile kimoja cha sosi kinaweza kupunguzwa kikawa nusu. Na kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari wake kwanza. Mboga za kijani zina vitamini K nyingi, na kuzila kwa wingi ghafla kunaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Ilioteshwa wapi?

Mmea unaopenda maji hunywa kila kilichomo ndani ya maji hayo. Kangkong iliyoota kwenye mfereji wa maji taka inaweza kubeba vijidudu, na kama maji yamepitia viwandani, inaweza kubeba metali nzito kama risasi. Katika baadhi ya nchi za Asia mimea ya majini ikiliwa mbichi huambukiza minyoo ya utumbo. Moto huua vijidudu na minyoo. Metali nzito haziondoki kwa moto, wala kwa kuosha.

Tahadhari hii haiwahusu Wafilipino peke yao. Utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta metali nzito kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo mzazi amuulize muuzaji mboga inatoka bonde gani na inamwagiliwa maji gani. Mwenye nafasi nyumbani apande matembele kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Kipande cha mche huota bila matatizo, na mboga ya kutosha mlo mmoja huchumwa tena na tena.

Sahani ionekanaje?

Ufilipino ina mwongozo wa sahani uitwao Pinggang Pinoy. Unataka nusu ya sahani iwe mboga na matunda, theluthi iwe wali au chakula kingine cha nguvu, na sehemu ndogo iliyobaki iwe samaki, nyama, yai au jamii ya maharage. Katika nyumba nyingi, za kule na za huku, hali ni kinyume: mlima wa wali na mboga za kupamba.

Mzazi hana haja ya kubadili kila kitu jioni moja. Anaweza kuanza na fungu moja zaidi la matembele, kijiko kimoja cha sosi kilichopimwa, na dakika tano za kusimama karibu na moto. Yule aliyefumba mdomo huenda leo akaonja jani moja tu, na hilo linatosha kwa kuanzia.