Roboti Si A-WA

Tuanze na sarufi kidogo, usifunge ukurasa bado. Roboti ni I-ZI. Inacheza, inaongea, inazimwa. Lakini siku ile Kakuma, kwenye darasa la mabati, mgeni wa shirika fulani aliwaambia watoto, "Huyu ni rafiki yenu mpya." Huyu. Nami nikatafsiri hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nalipwa kwa siku, na mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hachagui vibarua.

Kidude chenyewe kilikuwa na kimo cha chupa ya soda. Kikapepesa macho, kikatikisa kiuno, watoi wakapagawa. Hata mimi nilicheka, siwezi kukataa. Picha zikapigwa. Baada ya dakika 40 kikarudishwa kwenye boksi, boksi likaingia Land Cruiser, tukaachiwa vumbi. Nilipanda Probox ya kurudi Lodwar na swali la kasichana mmoja bado liko kichwani: "Atarudi lini?"

Kakuma hilo si swali dogo. Kambi iko tangu 1992, na watoto wa pale wamezoea kuachwa. Rafiki anapata nafasi Kanada, anaenda. Posho ya chakula nayo inapunguzwa. 2025 ilikatwa hadi watu wakaandamana. Halafu wewe unawaletea rafiki wa dakika 40.

Utasema basi kingebaki pale. Manze, tuulize waliobaki nazo. Jibo ilianza kuuzwa Marekani 2017 kwa karibu dola 900. Mwaka 2019 ikawaambia wenyewe kwamba seva zake zitazimwa, ikawashukuru, ikawachezea densi. Ndio, densi. Desemba 2024 ikawa zamu ya Moxie, iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya watoto: kampuni iliishiwa na pesa, ikatoa hata barua ya kuwasaidia wazazi kuwaeleza watoto wao. Na hao ni wazazi wenye stima na intaneti nyumbani. Kumbe uhai wa "rafiki" ulikuwa kwenye akaunti ya benki huko California! Darasa la Kakuma litaandikiwa barua na nani?

Sisemi teknolojia isije Turkana. Hiyo stori kwamba sisi ni watu wa mbuzi na ngamia tu imenichosha. Kule Loropio, kando ya ziwa, vijana wanasomea kompyuta katika kampasi iliyochorwa na Francis Kéré, na hakuna anayewapigia makofi kwa kushangaa mashine. Kinachoniudhi ni mtoto kuketishwa chini atazame kitu ambacho haruhusiwi kukifungua. Watoto hawa hawa wanaunda magari kwa waya na mikebe. Waletee mota, betri, sola na bisibisi, kisha wavunje, waharibu, watengeneze upya. Na kama pesa ya kidude ipo, kuna mwalimu mkimbizi anayefundisha darasa la watoto zaidi ya 100 kwa insentivu ambayo hata haiitwi mshahara. Huyo ni A-WA, na kesho asubuhi atakuwa darasani.

Densi? Njoo edonga jioni, hakuna cha kuchajiwa.

Nikiitwa tena kutafsiri, nitasema, "Hiki ni kidoli, kinatumia betri, na jioni kinaondoka." Wakikataa kunilipa, sawa tu.