Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Chango

Hapa kwetu pwani, mwanamke akilalamika kwamba tumbo la chini lamuuma, jawabu huwa tayari kabla hajamaliza kusema: "Chango hilo, mwanangu." Hupewa mizizi achemshe, akaambiwa astahamili, na mambo yakaishia hapo. Neno hilo moja tumelitwika maradhi mengi mno, na mojawapo ni uvimbe wa ovari.

Ovari ni viungo viwili vidogo, mfano wa lozi, vilivyo kushoto na kulia kwa mji wa mimba. Kila mwezi yai hukomaa ndani ya kifuko chenye maji, kisha kifuko hupasuka yai likatoka. Pengine kifuko hakipasuki, au hujifunga tena kikajaa maji. Huo ndio uvimbe ulio mwingi, nao aghalabu hauna madhara. Hutoweka wenyewe baada ya miezi miwili mitatu, na mwenyewe asijue kuwa alikuwa nao.

Lakini si wote ulio mpole. Uko wenye damu kuukuu, unaoandamana na maumivu makali ya hedhi na huweza kutatiza uzazi. Uko unaokutwa na nywele, mafuta, hata meno. Usiseme ni uchawi wala jini: chembe za yai zina uwezo wa kuota nyama ya kila namna. Na uko unaoifanya ovari ijisokote kama kamba, damu isipite. Hapo huja maumivu ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika. Hilo si la kungoja kupambazuke. Naye aliyekwisha koma hedhi akipata uvimbe, sharti achunguzwe, maana huenda ikawa saratani.

Linalonisikitisha zaidi ni la binti asiyeolewa. Tumbo likivimba, mtaa mzima umekwisha mhukumu. Mwaka 1809, huko Kentucky, Marekani, Jane Crawford alidhaniwa ana mimba iliyopitisha siku zake, hata daktari Ephraim McDowell akamtoa uvimbe wa ovari wa kilo 10 hivi, bila dawa ya usingizi. Bibi huyo akaishi miaka 32 zaidi. Ikiwa waliomtazama mke wa mtu walikosea, sisi twajua nini juu ya binti wa jirani kwa kumwangalia leso aliyojifunga?

Wako watakaosema ni aibu kuyaandika haya gazetini. Nami nimelelewa chuoni, sikatai dua wala kombe. Lakini huko huko chuoni nilifunzwa kwamba Mtume ametuamuru kujitibu, na kwamba Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza.

Rai yangu ni hii. Kungwi amfundishaye mwari kujipamba, amfundishe pia dalili hizi: tumbo kujaa, maumivu yasiyokwisha, hedhi kubadilika, kwenda haja ndogo kila mara. Nasi waume, kabla ya kumwita mke tasa na kuposa wa pili, tutoe kwanza nauli na ada ya picha ya ultrasaundi.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Wakasema tena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Chango na liitwe chango baada ya daktari kutazama, si kabla.