Ile picha ya ubongo niliyoikata

Niseme ukweli mapema kabla hamjaniwasha kwenye komenti: ile klipu ya "ubongo wa teja" ilikuwa yangu. Bongo mbili kwenye skrini, moja imejaa wekundu, nyingine imefifia, halafu sauti yangu nikijifanya daktari: "Huu ndio ubongo wa mtu wa unga. Ukishaungua, umeungua." Ilipata watazamaji kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Nilifurahi, bana.

Shida ni kwamba ile picha ina bongo tatu. Ya tatu niliikata mimi, juu haikutosha kwenye simu na pia iliharibu stori.

Picha yenyewe inatoka kwa Nora Volkow na wenzake, Marekani, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2001. Ubongo wa kwanza ni wa mtu asiyetumia. Wa pili ni wa mtu aliyeacha mwezi mmodi. Wa tatu, ule niliotupa, ni wa aliyeacha miezi 14, na ule wekundu unarudi. Tena walikuwa watumiaji wa methamfetamini, si heroini. Mimi nikaubandika tu kwa unga wa huku kwetu. Na waliopimwa mara mbili, mwanzoni na baada ya miezi 12 hadi 17, walikuwa watu watano. Watano! Maskani moja tu ya Ukunda ina watu zaidi ya hao.

Wekundu nao si moto wala damu. Unadungwa dawa yenye mionzi kidogo, mashine inasoma imejishika wapi kwenye ubongo, kompyuta inapaka rangi. Wangechagua kijani, ungeona kijani.

Sitaki kudanganya upande wa pili pia. Wale watano walipopewa majaribio ya mwendo na kumbukumbu, hawakuwa wamepanda kiasi cha kusema wamerudi kama zamani. Kupona kunakwenda polepole, na picha inaweza kutangulia mtu mwenyewe. Lakini "umeungua" haikuwa kwenye utafiti ule. Hiyo niliiongeza mimi.

Sasa kwa nini nasema haya leo. Binamu yangu alikuwa kwenye unga miaka sita. Sa hii anaenda Kombani kwa methadoni, kila siku. Anapanda matatu ya Likoni kutoka Ukunda, anashuka pale njia panda ya Kwale, anakunywa dawa yake mbele ya nesi, anarudi. Methadoni inashika palepale kwenye ubongo ambapo heroini hushika, ila inaingia taratibu na kukaa siku nzima, kwa hiyo arosto haimwangushi na kichwa kinabaki chake. Watu mtaani wanasema amebadilisha unga kwa unga. Waambie wamwone asubuhi, amenyoa, anauliza bei ya samaki.

Kuna mzee wa boti la kioo hapa Diani alikuwa amemkubalia kazi ya kusafisha na kusukuma boti. Wiki moja baadaye akamwambia hapana. Sababu? Kijana wake alimwonyesha klipu, ubongo wa hawa watu haurudi. Binamu hakunipigia kelele. Alikuja nyumbani, akakaa, akasema, "Mdogo wangu, kichwa changu umekianika mtandaoni, na hata hukuniuliza." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Najua kuna mtu ataandika hapa chini kwamba picha za kutisha zinaokoa madogo wasianze. Labda mmoja wawili. Lakini anayetishwa ni yule ambaye hajaonja, na anayelipa ni yule anayejaribu kutoka. Teja akiamini ubongo wake ushakufa, nauli ya kwenda Kombani ataitoa ya nini? Na sisi tunaotengeneza video tuna tabia mbaya na haya mambo ya ubongo. Dopamini imekuwa kama jini: chochote kikitushinda tunaisingizia. Tunaweka skani juu ya maoni yetu na yanaonekana sayansi. Ukiposti picha ya ubongo, sema ni ya nani, walikuwa wangapi, walitumia nini. Ikikushinda kusema, posti machweo, Diani hayaishi.

Klipu nimeifuta, lakini Alhamisi iliyopita imerushwa tena kwenye grupu la familia yetu, na shangazi ameweka emoji ya kulia. Binamu yumo kwenye grupu hilo. Yuko mwezi wa tisa.

Bongo zote tatu nimeziweka kwenye posti inayofuata, watazamaji mia na kitu tu mpaka sasa. Kama unayo ile ya zamani kwenye simu, ifute. Kama ulimtumia mtu, mtumie na hii.